Bahari Niliyoichanganya Kiogoro

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ninalisema hili mapema kwa sababu mke wangu akisoma hapa atatafuta kwanza kama nimekiri. Nimekiri. Kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima, kuanzia Ogembo na Nyamarambe mpaka vilima vya Nyamira, na kazi hiyo haimfundishi mtu upole. Pampu ikigoma unaigonga kwa spana, na mara nyingi inakubali. Kwa miaka mingi nilidhani kila kitu duniani hukubali hivyo.

Bahari niliijua ukubwani. Hoteli moja ya pwani ilikuwa na tangi kubwa la samaki ukumbini, pampu zake zikawa zinasumbua, na mtu niliyewahi kumfanyia kazi akanipendekeza. Nilikwenda kwa siku nne, nikakaa wiki mbili. Ndani ya lile tangi mlikuwa na matumbawe mazima, yanayoishi, mengine yamechanua kama kabeji, mengine yana vidole vinavyocheza na maji, na samaki wa rangi ambazo sikujua kwamba mnyama anaruhusiwa kuwa nazo. Nilipomaliza kazi sikuondoka. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya kioo mpaka mhudumu wa lile tangi, bwana mmoja wa makamo, mwenyeji wa huko huko pwani, akaniuliza kama nimepotewa na kitu. Siku zilizobaki alinifundisha yote aliyoyajua, bure, kwa sababu tu niliuliza. Namshukuru mpaka leo, na humu atatajwa tena.

Niliporudi nyumbani Kiogoro nilimsimulia mama. Mama ana miaka sabini na kitu, nyumba yake iko hatua arobaini kutoka kwangu katika boma hilohilo, na safari yake ndefu kuliko zote iliishia njiani kwa sababu gari humtapisha. Alisikiliza yote akichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, na aliuliza maswali ambayo mimi sikuyauliza. Hayo mawe yanayoishi yanakula nini? Yanalala? Samaki mdogo akiugua nani anajua? Nilipomwambia kwamba ingefaa aende akajionee, alicheka.

"Mimi siwezi kwenda," alisema. "Iambie ije."

Alikuwa anatania. Mimi nikalichukua kama agizo, na naona hata sasa kwamba sijawahi kupewa agizo lililonipa raha zaidi.

Mke wangu ni mtu wa ziwani, karani mjini Kisii, mwanamke wa maneno machache yenye meno. Nilipomweleza kwamba nataka tangi la lita elfu moja na mia mbili sebuleni, alinitazama akasema kwamba kwao samaki huangaliwa akiwa sahanini, tena haangaliwi sana. Kisha akaenda kupima ukuta kwa futi yake ya kushonea, akaniambia kochi litahamia wapi. Huyo ndiye niliyemwoa.

Lita hizo zina uzito wa zaidi ya tani moja, kabla hujahesabu kioo na mawe. Nilivunja sakafu ya sebule upande mmoja, nikamwaga zege upya na nondo ndani. Stendi niliichomelea mwenyewe. Kioo kilikatwa na fundi wa vioo mjini, ambaye aliuliza mara tatu kama nina hakika na unene ule, maana alidhani najenga benki. Tangi lilipokuja halikupita mlangoni, kwa hiyo tuling'oa fremu ya dirisha, na majirani kumi na wawili wakalibeba wakipokezana amri, kila mmoja akiwa msimamizi na hakuna mbebaji. Mama alisimama nje na ufagio, akiwaonya kuhusu maua yake.

Maji hayakunisumbua, kwani watu wa Kisii tuna mvua hata ya kugawa. Nilivuna ya mabati, nikayachuja mara mbili, nikaanza kuchanganya chumvi ya bahari iliyokuja katika ndoo kutoka pwani. Mama alikuwa akija kila jioni. Alichovya kidole akaonja, akasema chumvi imezidi na hakuna mtu atakayekula hiyo. Alishika taa nilipokuwa nikifunga mabomba. Bwana wa pwani, niliyempigia simu karibu kila siku, alicheka sana aliposikia kwamba kazi yangu kubwa itakuwa kupasha maji joto. Kwao hununua mashine za kuyapoza. Kiogoro, mtu anayeoga asubuhi anajua kwamba bahari ikija hapa itahitaji sweta, kwa hiyo nilitia hita mbili, na betri za kushikilia stima ikipotea.

Kisha yakaja mawe.

Hapa lazima nieleze kidogo. Tangi la matumbawe halianzi na samaki. Linaanza na mawe, na mawe yenyewe lazima yawe na uhai. Kule pwani kuna watu wenye kibali wanaotengeneza mawe ya saruji na makombe, na kuyazamisha baharini mwaka mzima mpaka yanashikwa na vijidudu visivyoonekana, na wanyama wadogo wanahamia kwenye matundu yake. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyosafisha maji. Bila hivyo, uchafu wa samaki mmoja tu unatosha kuwaua wote. Mawe hayo husafiri yakiwa yamefungwa kwa magazeti yaliyoloweshwa, na yananuka. Mtu asiyejua atadhani ni samaki aliyesahauliwa kwenye gunia.

Yalifika asubuhi nikiwa Nyamarambe ndani ya kisima cha watu. Mke wangu alikuwa kazini. Aliyeyapokea masanduku ni mama.

Yeyote aliyelelewa na mama wa Kigusii anajua kilichofuata. Nyumbani kwetu kitu hakiingii ndani kikiwa kichafu, na mgeni hawekewi kitu kinachonuka. Mama alifungua masanduku, akaona mawe yenye utelezi, yenye nyuzi za kijani na harufu ya kuoza, akawahurumia watoto wake waliotapeliwa. Akachota maji ya moto. Akachukua sabuni ya kipande na brashi ya kusugulia sufuria. Akayasugua moja baada ya jingine, mawe arobaini na kitu, kazi ya mchana mzima kwa mgongo wa miaka sabini. Halafu akayapanga kwenye kichanja cha vyombo, juani, yakauke vizuri.

Nilirudi saa kumi. Alikuwa amekaa pembeni ya kichanja na wanawake wawili jirani waliokuja kuchukua maziwa, na mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia langoni. Mawe yalikuwa meupe kama meno. Mama aliinuka akiwa na furaha, akaniambia kwamba walioniuzia ni watu wachafu lakini sasa mambo yako sawa.

Ulimi hauna mfupa. Nilipiga kelele. Nilimuuliza nani alimtuma. Nilimuuliza kama hajui kuuliza. Nilimwambia, mbele ya mke wangu na wale wanawake wawili na chupa zao za maziwa, "Umeua kila kitu."

Mama alipangusa mikono kwenye leso, akawaaga wale wanawake kwa sauti ya kawaida, akatembea zile hatua arobaini mpaka nyumbani kwake, akafunga mlango.

Hasira yangu haidumu. Kabla chai haijachemka ilikuwa imeisha, na mahali pake imebaki aibu. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa kumfokea mama yake hadharani ni jambo ambalo kwetu halina jina zuri. Mke wangu aliniambia niende usiku uleule. Nilisema nitakwenda kesho. Kesho yake nikamtuma mke wangu badala yangu, na kilo mbili za sukari. Wiki iliyofuata nikamtuma tena na leso mpya. Mama alipokea vyote, akashukuru, akatuma chinsaga na ndizi. Tulipokutana uani alinisalimu vizuri na kuniuliza habari za kazi. Lakini ndani ya nyumba yangu hakuingia. Akialikwa chakula alisema ameshiba. Akiwa na ujumbe aliusema akiwa nje, upande wa pili wa kizingiti, hata mvua ikinyesha.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, kwa hiyo niliendelea. Bwana wa pwani aliniagizia mawe mengine, na safari hii niliyapokea mwenyewe stendi ya basi. Nikayapanga majini, nikangoja. Kungoja huko ni kwa wiki nyingi. Kila jioni unatia matone ya dawa kwenye kichupa cha maji ya tangi na kutazama rangi, na rangi inakuambia bado. Nilijifunza subira ambayo pampu hazikunifundisha. Rangi ilipokubali hatimaye, vilikuja vipande vya matumbawe vilivyokuzwa shambani, kisha samaki: wawili wa rangi ya chungwa wenye mishipi myeupe, mmoja wa manjano matupu, wawili wadogo wa buluu, na kamba mmoja mwekundu mwenye masharubu marefu kuliko heshima.

Lilikuwa zuri kuliko nilivyowahi kuota. Watu walikuja hata kutoka Nyamira, na kila mmoja aliuliza kama hawa wanaliwa, na mke wangu kila mara alijibu kwamba yeye bado anasubiri ruhusa. Niliwakaribisha wote kwa shukrani. Lakini wageni walipoondoka nilikaa mbele ya kioo na kukumbuka ni nani aliyesema iambie ije. Imekuja. Ilikuwa hatua arobaini kutoka kwake, miezi mitatu imepita tangu siku ya mawe, na hakuwahi kuiona. Nilijua ninalopaswa kufanya. Ni maneno mawili tu, mama nisamehe, na kinywa changu, kinachofoka bila kuombwa, hakikuweza kuyatoa.

Ijumaa moja alasiri ikanyesha mvua ya mawe. Si ngeni kwetu, ila hii ilikuwa ya kisasi. Majani ya chai yalichanika vipande, migomba ikalala chini, na transfoma ya njia panda ikalia mlio mmoja na kutoa moshi. Stima ikapotea kote. Betri zangu zilishikilia kama nilivyozipangia, mpaka alfajiri ya Jumamosi, kisha zikazima pampu zote na hita zote kwa pamoja.

Jenereta ninayo. Lakini wiki ile nilikuwa nimeiazimisha kwa mkutano wa injili kule Nyamarambe, ilikuwa imefungiwa stoo ya kanisa, na mwenye ufunguo ni Msabato wa kweli. Simu yake huzimwa Ijumaa jua likitua na huwashwa Jumamosi jua likitua. Nilipiga hata hivyo, mara tisa. Nikapiga mjini, nako kila mwenye jenereta alikuwa anaitumia. Nikampigia bwana wa pwani, na yeye alijibu mara moja.

"Wape hewa," alisema. "Chakula usiwape kabisa. Teka maji, yamwage kutoka juu, teka tena, mwaga tena. Na joto lisishuke. Usiache hata dakika kumi, bwana, maana maji yaliyotulia yanawanyonga."

Basi nikapanda juu ya stuli na jagi la plastiki. Nateka, namwaga, nateka, namwaga. Mke wangu alitoa mablanketi yote ya nyumba hii, tukalizungushia tangi pande tatu, kisha akaenda jikoni kuwasha kuni na kujaza chupa za soda maji ya moto ili tuziweke zielee majini. Kufikia saa mbili asubuhi mkono wangu wa kulia haukuwa wangu tena. Kipimajoto kilikuwa kinashuka. Samaki wote walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wakimeza hewa ya Kiogoro ambayo hawakuumbiwa.

Mama alikuwa anapita uani kwenda kanisani, amevaa gauni lake jeupe la Sabato, Biblia na kitabu cha nyimbo kwapani. Katika maisha yangu yote sijamwona akikosa ibada ya Sabato. Mke wangu alimkuta pale uani, akamweleza. Sikuomba afanye hivyo, na nitamshukuru kwa hilo mpaka siku ya kufa. Nilisikia nyayo zikija mpaka mlangoni, kisha zikasimama.

"Wanakufa?" mama aliuliza akiwa nje.

Nilimwambia wanakosa hewa. Sikugeuka, kwa sababu nisingeweza kuacha kumwaga, na kwa sababu nyingine pia.

Halafu nikaona Biblia ikiwekwa juu ya meza yangu, na mama akikunja mikono ya gauni lake jeupe.

"Unamwaga kama mtu anayezima moto," alisema. "Shuka."

Aliomba sufuria mbili ndogo, akakataa jagi. Mama ndiye mpoza uji wa boma hili. Tulipokuwa wadogo alikuwa akiumimina kutoka kibuyu kimoja hadi kingine, mkono mmoja juu ya bega na mwingine chini ya kiuno, uji ukishuka mwembamba kama uzi, na tone halianguki. Hivyo ndivyo alivyofanya sasa. Alisimama kwenye stuli, akateka kwa sufuria moja, akamimina kwenye nyingine kutoka juu kabisa, uzi mrefu wa maji uliojaa mapovu, kisha akayarudisha maji ya ile ya pili tangini taratibu, kwa mzunguko, mpaka maji yote ya juu yakaanza kutembea. Mimi fundi wa pampu nilikuwa nimemwaga maji kwa muda wa saa tatu bila kufikiria kuyatembeza. Baada ya muda wale wawili wa rangi ya chungwa walishuka shubiri moja kutoka juu. Ni shubiri moja tu, lakini niliona.

Na yeye akaona. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaona. Alimimina huku anawatazama, na mimi nilipasha maji na kubadilisha chupa huku nikimtazama yeye.

Saa saba ibada ilipokwisha, wanawake watano wa kanisa lake walikuja kumjulia hali, maana walijua ni kifo au ni ugonjwa. Walimkuta juu ya stuli, gauni limelowa mpaka magotini. Mmoja wao, rafiki yake wa tangu ujana, alisema waziwazi kwamba hii ni kazi na leo ni Sabato. Mwingine akamkumbusha yule ng'ombe wa Injili, aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato akatolewa. Wa kwanza akasema hao si ng'ombe, hata maziwa hawana. Walibishana kama dakika tano, kwa adabu, mama akiendelea kumimina. Mwishowe alisema bila kugeuka kwamba ni wageni wa mwanawe, wametoka mbali, na wanashindwa kupumua, na kama kuna mtu anajua aya inayoruhusu mgeni aachwe hivyo, amsomee.

Hakuna aliyesoma. Waligawana zamu palepale kama wanavyogawana mashamba katika egesangio, ule ushirika wao wa kupalilia leo kwa huyu na kesho kwa yule. Kila mtu nyimbo tano, kisha ashuke. Yule aliyepinga hakushika sufuria, lakini ndiye aliyeanzisha nyimbo na kuzihesabu, na hakumruhusu mtu kuruka ubeti. Mashamba yao wote yalikuwa yamepigwa na mvua jana yake, chai imekuwa kachumbari, na wamekuja kusimama nyumbani kwangu kupoza maji ya chumvi. Niliwashukuru kwa sauti, mmoja mmoja, na waliniambia ninyamaze nilete maji ya moto.

Yule wa manjano alikufa saa tisa. Aligeuka ubavu, akazama polepole. Zamu ilikuwa ya mama. Alimtoa kwa mkono, akamlaza kwenye kiganja, akamtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilimwambia si kosa la mtu. Midomo yake ilitetemeka, akampa mke wangu yule samaki, akaendelea kumimina. Nilidhani ni uchovu.

Jua lilipotua mwenye ufunguo aliwasha simu, akaona mara tisa zangu, na jenereta ikaletwa imefungwa nyuma ya pikipiki, dereva ameikumbatia kwa mgongo. Pampu zilinguruma. Maji yakaanza kuzunguka yenyewe. Wanawake wakashangilia kidogo, wakachukua leso zao, wakaenda kuangalia mashamba yao. Tulikuwa tumempoteza mmoja wa manjano na vipande kadhaa vya matumbawe. Wawili wa chungwa walikuwa hai, wa buluu walikuwa hai, na kamba alikuwa anasafisha masharubu kana kwamba tulimsumbua.

Mama alishuka kwenye stuli. Alikunjua mikono ya gauni, akachukua Biblia yake mezani.

"Mashine imekuja," alisema. "Basi naenda."

Akatoka. Nilimwangalia akivuka kizingiti, na nikajua kwamba nikimwacha afike kwake, kesho atanisalimu uani vizuri na kuniuliza habari za kazi, na hatutatoka hapo tena. Nilimfuata. Nilimfikia katikati ya ua, majani ya migomba yaliyovunjika yametapakaa pande zote, nikasimama mbele yake.

"Mama, nilikukosea siku ile," nilisema. "Nilikufokea mbele za watu. Nisamehe."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo asilolitarajia.

"Kufoka?" alisema. "Wewe umefoka tangu ulipozaliwa. Baba yako alifoka. Mimi nimezoea kelele." Akahamisha Biblia kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Siku ile, kwenye jiwe la pili, kuna kitu kilitoka tunduni. Kidogo, kina mikono mitano kama nyuzi. Kilinishika kidole. Nilijua kabisa kwamba kile si uchafu, kile kinanishika. Nikakitupa kwenye nyasi, kuku akakila, nikaendelea kusugua, kwa sababu nilitaka ukirudi ukute mawe meupe. Halafu ukaja ukasema nimeua kila kitu. Ilikuwa kweli. Sasa mtu aliyewaua wageni wako wakiwa mlangoni, anaingiaje tena ndani?"

Miezi mitatu nilikuwa nimekaa mbele ya kile kioo nikidhani mama ananinyima msamaha wake.

"Nimekusamehe kelele," alisema. "Na mimi?"

Sikuwahi kuombwa msamaha na mama yangu, wala sikujua mtoto hujibu kwa maneno gani, na safari hii kinywa changu kiliniheshimu kikanyamaza. Nilimpokea Biblia. Nilimshika mkono, umekauka na kukwaruza kwa chumvi, nikageuka naye, na tukaingia ndani.